Fundi anataka kukata miti yote: bustani ya nyumba mpya tuianzie wapi?

SWALI: Mimi na mume wangu tumenunua nyumba Madale, Dar es Salaam, tukahamia mwezi Agosti. Kiwanja ni mita 20 kwa 30 na kinateremka kutoka getini mpaka ukuta wa nyuma. Upande wa magharibi kuna mwembe mkubwa, kama mita nne kutoka nyumba ilipo, na karibu na chemba za choo kuna mkungu. Nyuma ni kifusi na majani, na pembeni kuna ua wa minyaa. Fundi anashauri tukate miti yote, tupange vitofali kiwanja kizima, kisha tupande miashoki kuzunguka ukuta. Mama mkwe tunaishi naye na anataka mahali pa mboga. Watoto wana miaka mitatu na sita, wanataka pa kuchezea. Fedha iliyobaki si nyingi. Tuanze na nini?

JIBU: Dada yangu, hongereni wewe na shemeji. Naanza na fundi, maana katika barua yako ndiye mwenye haraka kuliko wote. Mwambie asubiri. Msipange kitofali hata kimoja na msiuguse mwembe kabla hamjaona mvua za vuli zikipita kwenye kiwanja hicho, na kwa kazi kubwa subirini mpaka masika yapite. Kiwanja kinachoteremka kina bwana mmoja, naye ni maji. Ukishajua yanaingilia wapi, yanakimbilia wapi na yanatuama wapi, nusu ya ramani ya bustani yako itakuwa imeshajichora. Ukipanda kabla ya kujua hayo, masika yatapanga upya kwa nguvu, na gharama itakuwa yenu.

Mpaka mvua ifike, kazi ipo. Kwanza malizeni mambo ya nyumba yenyewe. Badilisheni vitasa vya milango ya nje. Jueni koki kuu ya maji na swichi kuu ya umeme ziko wapi, na mama mkwe naye ajue. Hakikisheni akaunti ya maji ya DAWASA haina deni la mwenye nyumba wa zamani, na mita ya umeme ya LUKU iwe kwa jina lenu, kwa kuwa kodi ya jengo nayo inakatwa kupitia LUKU tangu 2021. Pandeni darini na tochi mkaangalie njia za mchwa kwenye mbao na alama za maji yaliyovuja. Na kama uhamisho wa hati bado haujakamilika, fuatilieni huo kabla ya jambo lolote la bustani.

Kisha chukueni ramani ya upimaji mkazitafute bikoni zote nne, yaani alama za mpaka za wapimaji. Ukuta wa uzio si mpaka hadi bikoni ziseme hivyo. Wapo waliojenga uzio ndani ya kiwanja chao kwa nusu mita, na wapo waliovuka kuingia kwa jirani au kwenye hifadhi ya barabara. Ni afadhali mlijue hilo sasa kuliko siku mtakapokuwa na miti ya miaka mitano juu ya mstari wenye ubishi. Kama nyuma yenu kuna korongo lenye mto, kumbukeni pia kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Ulizeni ofisi ya ardhi ya manispaa kabla ya kujenga chochote upande huo, hata kibanda cha kupumzikia.

Mkienda kujitambulisha serikali ya mtaa na kwa mjumbe, msiishie hapo. Pitieni kwa majirani, hasa yule aliye chini yenu na yule mzee aliyekaa mtaani miaka mingi. Waulizeni swali moja: mvua kubwa za mwisho wa 2023, zile za El Niño, maji yalipita wapi hapa? Watakuonyesheni kwa kidole. Utasikia ukuta upi ulianguka, kalavati lipi lilizibwa na takataka, na maji ya barabarani yaliingia kwa geti la nani. Habari hizo hakuna mpimaji atakayekupa. Jirani wa chini ana haki ya kujua mnachopanga, kwa sababu kila tone mtakalolifukuza kwenu litamfikia yeye.

Hapo ndipo shida yangu na vitofali ilipo. Tupige hesabu kidogo. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Kiwanja chenu ni mita za mraba 600. Mvua ya milimita 50 kwa siku si ya ajabu Dar es Salaam wakati wa masika, na siku hiyo kiwanja kinapokea lita 30,000. Ardhi yenye mimea na udongo uliolegea hunywa sehemu kubwa ya maji hayo na kuyaachia polepole. Ukifunika kiwanja chote kwa bati na vitofali, karibu yote yatateremka mara moja mpaka ukuta wa nyuma. Ukuta wa bloku haukujengwa kuzuia maji. Udongo uliolowa upande wenu unakuwa mzito, unausukuma, na siku moja unaulaza chini. Una mtoto wa miaka mitatu, dada yangu. Jambo hili silichukulii kama la mapambo.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya fedha zenu iwe ukuta wa nyuma. Mwite fundi ujenzi mzoefu, tena asiwe yule anayetaka kuwauzia vitofali, auangalie kama umeinama, kama una nyufa za mshazari, na kama una matundu ya kutolea maji karibu na ardhi. Kama hakuna matundu, yatobolewe, na upande wenu wa kila tundu iwekwe kokoto ili udongo usilizibe. Mkubaliane na jirani maji hayo yatapokelewaje upande wake, na ikiwezekana mchimbe pamoja mfereji mmoja wa kuyapeleka kwenye mtaro wa mtaa. Hakikisheni pia kifusi hakijarundikwa kuuegemea ukuta. Mara nyingi mjenzi akimaliza nyumba husukuma mabaki yote nyuma, na uzito huo hukaa pale miaka kadhaa ukisubiri mvua.

Kazi ya pili ni gata na tenki. Paa la nyumba yenu, pamoja na sehemu inayotokeza nje ya kuta, nalikadiria mita za mraba 150. Mvua ya milimita 10 juu yake ni lita 1,500, na ukitoa yanayoruka na kupotea, lita kama 1,200 zitafika kwenye tenki. Tenki la lita 5,000 litajazwa na mvua ya milimita 40 na ushei. Kwa maji hayo mama mkwe anaweza kumwagilia mboga wiki nyingi bila kugusa maji ya bomba, na ndiyo maji ambayo yangekwenda kuusukuma ukuta. Tenki lijengewe msingi imara, kwa sababu lita 5,000 ni tani tano, na kwenye udongo unaoteremka msingi dhaifu utapasuka. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi iacheni ipite nje, inaosha vumbi na kinyesi cha ndege. Tundu la kuingizia maji lifunikwe kwa wavu mwembamba. Nitaeleza sababu nikifika kwa mbu.

Baada ya hapo ndiyo tunaingia kwenye udongo. Kwenye mteremko sipendi kuona maji yakienda moja kwa moja. Yakatwe njiani na mistari inayokwenda sambamba na kimo cha ardhi, yaani kila sehemu ya mstari iwe kwenye usawa mmoja. Wakulima wa Machakos wamefanya hivyo miaka mingi kwa matuta ya fanya juu: unachimba mfereji, udongo unautupia upande wa juu, tuta linazuia maji na taratibu ngazi inajitengeneza. Kwenu panatosha mistari miwili au mitatu midogo, kina cha sentimita 30. Kupata usawa hamhitaji vifaa vya mpimaji. Fungeni fito tatu kama herufi A, ning'inizeni uzi wenye jiwe kutoka kwenye kilele, na kwanza iwekeni mahali tambarare mtie alama pale uzi unapokata fito ya katikati. Kisha tembezeni A hiyo kwenye mteremko, mguu mmoja baada ya mwingine. Kila uzi unapogusa alama, miguu yote miwili iko usawa mmoja, hapo pigeni vijiti vya alama. Watoto wa miaka sita wanaipenda sana kazi hii.

Mstari wa kwanza usikaribie msingi wa nyumba, acheni angalau mita tatu, na msipeleke maji kwenye eneo la shimo la maji taka. Juu ya kila tuta pandeni mchaichai, mmoja karibu na mwingine. Mizizi yake inashika udongo vizuri, chai ya jioni ipo, na hauhitaji kuhudumiwa. Mahali penye mteremko mkali zaidi tumieni nyasi za vetiva, ambazo mizizi yake huenda chini mita kadhaa. Katikati ya mistari, pale ambapo hamjaamua bado pawe nini, pandikeni matembele. Vipande vya shina la kiazi vitafunika ardhi kabla ya masika, mtakuwa na mboga, na siku mkitaka kupanda kitu kingine mtayang'oa kwa mkono.

Sasa jua na upepo, maana hapa ndipo nitakapomtetea mwembe.

Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Jua linapita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena karibu tarehe 10 Oktoba. Kati ya Machi na Oktoba, jua la adhuhuri linakuwa upande wa kaskazini. Kati ya Oktoba na Machi linakuwa upande wa kusini, lakini juu sana. Maana yake ni kwamba ukuta wa urefu wa mita 2.5 utatupa kivuli cha karibu mita moja na nusu upande wake wa kusini adhuhuri ya Juni, na kivuli cha chini ya mita moja upande wa kaskazini adhuhuri ya Desemba. Mboga zinazotaka jua mwaka mzima zisiwekwe chini kabisa ya ukuta unaozikinga na kaskazini. Hilo ni rahisi. Jua gumu ni la magharibi, kuanzia saa tisa alasiri, linapokuja limelala na kupiga kuta na madirisha moja kwa moja. Tofali la saruji linalinywa joto hilo mchana na kulirudisha chumbani usiku, wakati mnataka kulala.

Mwembe wenu uko magharibi. Ni mti wa majani mazito usiopukutika wote kwa pamoja, na umechukua miaka mingi kufika hapo. Mkiukata leo, vyumba vya upande huo vitawaka, mtanunua feni ya pili, na mti wa kuziba pengo hilo hamtaupata kwa fedha yoyote. Mita nne ni karibu, nakubali, na matawi yaliyolala juu ya bati lazima yatolewe, kwani yanajaza gata majani na siku ya upepo yanaweza kuvunjika. Lakini mizizi ya mwembe kwa kawaida haisumbui misingi iliyojengwa vizuri kama inavyofanya ile ya mikuyu. Angalieni ukuta wa upande huo. Kama hakuna ufa unaopanuka, mti ubaki. Upogoeni baada ya mavuno, mwezi Februari au hivi, na mpogoaji aanze na matawi makavu, kisha yale ya juu ya paa, kisha yanayosuguana. Asikate zaidi ya robo ya majani kwa mara moja, wala asiukate kichwa. Mwembe uliokatwa kichwa huchipua vitawi vingi vilivyoshikwa kidogo tu, na hivyo ndivyo vinavyokuja kuanguka.

Chini ya mwembe msihangaike na ukoka, hautakubali kivuli. Wekeni mchanga safi, benchi, na bembea ya kamba kwenye tawi nene lililo mbali na nyumba, mkiwa mmelikagua kwanza. Hapo ndipo pa watoto kuchezea. Kuna kivuli mchana kutwa na kutoka jikoni au sebuleni mtu anawaona.

Mkungu ni habari nyingine, na hapa nakubaliana na fundi. Mizizi ya mkungu hutambaa karibu na uso wa ardhi na ina nguvu. Ukiwa karibu na chemba, inafuata unyevunyevu kwenye kila ufa wa plasta, inaingia kwenye bomba na kuliziba. Ukiongeza majani makubwa yanayopukutika kwa wingi na popo wanaofuata kungu usiku, mahali hapo haupafai. Mwiteni kwanza mwenye gari la kunyonya majitaka alinyonye shimo, chemba zifunguliwe, na fundi bomba aangalie kama mizizi imeshaingia. Ndipo mti ukatwe na kisiki kichimbwe chote, kwa sababu ukiachwa utachipua tena. Juu ya eneo lile msipande tena mti wenye mizizi mikubwa, wala mboga zinazoliwa mbichi. Ukoka na maua ya mizizi mifupi vinatosha, na mifuniko ya chemba ibaki inaonekana.

Minyaa nayo itoke, na iwe kabla ya kitu kingine chochote upande huo. Utomvu wake mweupe ukiingia jichoni unaunguza vibaya na unaweza kumfanya mtu asione kwa siku kadhaa. Watoto wa umri huo wanavunja matawi wakicheza. Atakayeikata avae miwani, mikono mirefu na glavu, akate siku isiyo na upepo, na watoto wawe ndani. Msichome matawi hayo, moshi wake pia unawasha. Ua mpya mnaweza kuupata kwa mchongoma mkitaka miiba ya kuzuia wezi, au asumini upande wa dirisha la chumba cha kulala. Mimi ningechagua asumini kwa upande huo na mchongoma nyuma, mbali na pa kuchezea.

Kuhusu miashoki, siichukii, ila kwenu inajibu swali ambalo hamkuuliza. Inakwenda juu kupita mita 10, haina kivuli cha kukaa chini yake, wala haina tunda la kula. Ikipangwa kuzunguka ukuta wote itaziba upepo. Miezi ya joto kali, Desemba mpaka Machi, ni miezi ya kaskazi, na upepo huo unatoka kaskazini-mashariki. Kona hiyo ya kiwanja iacheni wazi kadiri mnavyoweza: vichaka vifupi tu, au miti yenye shina refu lisilo na matawi chini, kama mpapai na mnazi, ili hewa ipite chini yake kuja madirishani. Kama mnahitaji kujificha macho ya jirani mahali fulani, pandeni miashoki mitatu au minne hapo tu, mbali na nyaya za umeme.

Haya yote yachoreni kabla ya kununua mche. Chukueni karatasi ya manila, sentimita moja iwe mita moja, mchore nyumba, geti, chemba, mabomba mnayoyajua, mwembe na kivuli chake cha saa tatu asubuhi, saa sita na saa kumi jioni. Mvua ya vuli ikianza, toka na mwavuli uchore mishale ya maji kwa kalamu ya bluu ukiwa umesimama pale pale. Rudi baada ya saa moja uweke alama palipotuama. Karatasi hiyo itakuokolea fedha nyingi kuliko ushauri wangu.

Udongo wa nyuma una kifusi, na kifusi kina saruji na chokaa. Mndimu na mchungwa ukipandwa humo majani hubaki ya njano huku mishipa yake ikiwa ya kijani, kwa sababu chokaa inauzuia mti kupata madini ya chuma hata kama yamo. Ondoeni vipande vyote mnavyoviona, sentimita 30 kwenda chini, angalau pale mtakapopanda. Vipande vya bloku msivitupe, vitafaa chini ya njia ya gari. Kujua udongo uliobaki ni wa aina gani, jaza theluthi moja ya chupa ya maji ya plastiki kwa udongo, ongeza maji, tikisa kwa nguvu, uiache mahali tulivu. Mchanga unazama ndani ya dakika moja au mbili, tope laini linafuata baada ya saa chache, na mfinyanzi unachukua siku nzima au zaidi kutulia. Mistari itaonekana wazi. Ikiwa mchanga ndio mwingi, mtahitaji samadi na mboji kila msimu. Ikiwa mfinyanzi ndio mwingi, mboga zipandwe kwenye matuta yaliyoinuliwa, na mpapai msiuweke kabisa mahali maji yanapotuama, kwani mizizi yake ikikaa ndani ya maji siku mbili tatu mti unakufa.

Msikubali kuletewa lori la “udongo mweusi” bila kuuona. Mwingine ni tope la bondeni lenye mbegu za magugu na takataka. Fedha hiyo ningeitumia kwa samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri, ambayo ukiishika haina joto na haina harufu kali. Samadi ya kuku ni kali, ikae miezi miwili au mitatu kwanza. Majani ya mwembe yote yarundikwe kwenye kona, yalowanishwe na kugeuzwa mara kwa mara pamoja na maganda ya jikoni. Kabla ya masika yanayofuata mtakuwa na mboji yenu wenyewe.

Mama mkwe asisubiri masika. Yeye aanze hata wiki hii. Mpeni mahali karibu na mlango wa jikoni panapopata jua la asubuhi, tuta la mita moja kwa tatu kwa kuanzia, matuta mawili kama ana nguvu. Upana usizidi mita moja na robo ili afike katikati kutoka pande zote mbili bila kukanyaga udongo, na kama magoti yanamsumbua, mjengeeni kwa bloku mbili kwenda juu. Mchicha utakuwa tayari baada ya wiki tatu au nne. Apande na bamia, nyanya chungu, pilipili pembeni, na mrehani. Tuta la ukubwa huo linahitaji maji kama lita 15 kwa siku wakati wa jua, haifiki ndoo moja kubwa, na yamwagwe asubuhi au jioni chini ya mmea. Atandaze majani makavu juu ya udongo. Sina wasiwasi naye, najua atawafundisha nyinyi. Muulizeni tu mboga zipi alizizoea nyumbani kwake, mtafute mbegu zake.

Maji ya bafuni, kama yana bomba lake tofauti na la choo, yaelekezeni kwenye shimo la migomba lililojazwa majani na matawi. Migomba mitatu au minne kulizunguka itayanywa yote. Mashimo ya miti ya matunda yachimbwe sasa, futi mbili kila upande na kina hicho hicho. Udongo wa juu uwekwe upande wake na wa chini upande wake. Changanyeni wa juu na debe la samadi, mrudishe shimoni, muache wiki kadhaa, na mche upandwe mvua ikishashika. Kwa nafasi yenu nashauri mndimu mmoja, mstafeli mmoja, mipapai na mnazi mfupi mmoja, basi. Mpapai pandeni miche mitatu pamoja, ikitoa maua mtaona upi ni dume, mng'oe mkaache mmoja unaozaa. Miche ya ndimu chagueni iliyobebeshwa, yaani iliyoungwa na kikonyo cha mti mzazi, itazaa mapema na mtakuwa mnajua ni aina gani. Msiongeze mwembe wa pili. Mmoja wa ukubwa huo unawatosha nyinyi na wa kugawa kwa jirani.

Sasa mbu. Dar es Salaam imepata milipuko ya dengue, ikiwemo ya 2014 na 2019, na mbu anayeieneza anauma mchana na anazaliana kwenye maji masafi yaliyotuama, hata kwenye kifuniko cha soda. Kutoka yai mpaka mbu anayeruka ni kama siku saba mpaka kumi. Kwa hiyo chagueni siku moja ya wiki, kila kitu chenye maji kimwagwe: visahani vya vyungu vya maua, vifuu, makopo, matairi, gata iliyopinda, maji ya kuku. Ndiyo sababu ya wavu kwenye tenki. Na ndiyo sababu mifereji niliyosema kwenye mistari ya kimo iwe inakauka ndani ya siku mbili. Ukiona maji yamekaa siku ya tatu, panueni mfereji au mpunguze kina.

Vitofali vina mahali pake: kutoka getini mpaka mlangoni, sehemu ya gari, na njia ya upana wa mita moja kwenda jikoni na kwenye kamba ya nguo. Vipangwe juu ya mchanga, nafasi kati yake zijazwe mchanga bila saruji, na uso uinamishwe kuelekea kwenye majani. Getini kabisa wekeni mfereji wenye chuma juu yake, unaopitika na gari, wa kukatiza maji ya barabarani kabla hayajaingia. Kwa kazi hiyo fundi wenu anaweza kuitwa, lakini mwezi Juni, baada ya masika, mkiwa mmeshaiona mishale yote kwenye ile karatasi ya manila. Mkataba uandikwe, vipimo na kina cha mchanga vikiwemo, na malipo yagawanywe kulingana na kazi iliyokamilika.

Ukoka uwe wa mwisho. Kama fedha zitakuwa zimekwisha, msinunue, ombeni vipande kwa jirani mwenye nao, mvipandike umbali wa shibiri moja mvua zikianza. Mpaka vuli ya pili utakuwa umekutana.